Benchi la Barazani



Katika mtaa wetu hapa Bukavu nyumba hujulikana kwa baraza yake. Sisi tunakaa juu ya mteremko, wala hatuna ua mkubwa; basi mbele ya mlango kila mtu huacha sakafu nyembamba ya saruji chini ya ukingo wa mabati, na hapo ndipo maisha ya nyumba nzima hupita. Hapo mama huchambua maharagwe, hapo watoto husoma masomo yao kwa sauti, hapo mgeni hukaribishwa, na siku ya kilio hapo ndipo watu hukesha. Baraza yangu mimi ilikuwa na kila kitu, hata maua mawili ndani ya mikebe ya maziwa, lakini haikuwa na mahali pa kuketi.

Jambo hilo halikunisumbua mpaka ilipofika zamu yetu ya kupokea shirika. Wasomaji walio mbali na Kivu labda hawalijui neno hili kwa maana yetu: ni ile jumuiya ndogo ya Wakristu wa mtaa, ambao hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Neno la Mungu, wakasali, wakaulizana habari za wagonjwa. Siku ile walikuja watu 23. Tuliazima viti vya plastiki kwa majirani watatu. Wazee waliketi, vijana walisimama ukutani, na akina mama wawili, mmoja wao mwenye mimba, walikalia bidoni za maji. Wageni walipokwisha kwenda, mama watoto alizirudisha bidoni mahali pake, akaniambia bila kunitazama: « Mwalimu, nyumba hii ina vitabu vya kujaza masanduku mawili, na haina ubao mmoja wa kumkalisha mama mwenye mimba. »

Nilinyamaza, maana alisema kweli. Nikaamua kutengeneza benchi kwa mikono yangu mwenyewe.

Msomaji atauliza: kwa nini hukumwagiza fundi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mbele kidogo, kwa kuwa jibu lake si fupi.

Kila mwaka, inapokaribia tarehe 1 Mei, mimi hufundisha darasa langu habari za Yozefu Mfanyakazi, ambaye sikukuu yake iliwekwa na Papa Pio XII mwaka 1955. Huwaonyesha wanafunzi kwamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, watu wa kijiji cha Yezu wanamwita mwana wa seremala, lakini katika Marko, sura ya 6, wanamwita yeye mwenyewe seremala. Kisha, kwa kuwa seminari ilinipa Kigiriki kidogo, huandika ubaoni neno tekton, nikawaeleza kwamba lilimtaja fundi wa mbao, na pengine fundi wa kujenga pia. Wanafunzi huandika, nami huona fahari. Mwaka ule, nilipokuwa nikilifuta neno lile, niliutazama mkono wangu mweupe kwa chaki, nikafahamu ya kuwa tangu kuzaliwa sijapata kushika randa.

Basi siku ya posho, yaani Jumamosi, nilikwenda kununua mbao. Wauzaji walikuwa wamezisimamisha kando ya barabara, mbao za mkaliptusi, ule mti uliojaa katika vilima vyetu. Zilikuwa nzito, baridi mkononi, na zilinukia kama dawa ya kifua. Mimi nilidhani ubaridi ule ni dalili ya ubora. Nikachukua mbao tatu, na mti mmoja wa kukatia miguu, na kilo moja ya misumari.

Nilifanya kazi siku mbili. Miguu minne niliipima kwa kamba ya kiatu, maana meta yangu ilikuwa shuleni. Mbao niliziweka juu ya miguu, nikazigongomea kwa misumari mirefu. Msumari wa kwanza niliougonga karibu na ncha uliupasua ubao. Nikaongeza wa pili ili kuuzuia ufa, ufa ukaendelea. Miguu niliiingiza ndani sana, kadiri ya sentimeta 40 toka kila mwisho, kwa sababu tu machoni pangu ilipendeza hivyo. Nilipomaliza nilililalia benchi lile mgongo wangu wote, likanibeba, nikamshukuru Mungu.

Mei ni mwezi wa Mama Maria, na shirika likarudi kwetu kwa rozari. Watu sita waliketi juu ya benchi langu. Mzee wetu wa shirika, mtu mnene na mwenye heshima, alichagua mwisho wa upande wa kuume. Tulifika fumbo la tatu bila neno. Ndipo mtoto mchanga akalia, na akina mama watatu wa upande wa kushoto wakasimama pamoja kumwangalia, na wale wawili wa katikati wakajinyanyua kidogo ili wawapishe. Benchi likainuka upande mmoja kama mizani ya muuza chumvi. Mzee alishuka polepole mpaka sakafuni, rozari mkononi, na, Mungu ambariki, hakuikatiza Salamu Maria aliyokuwa ameianza. Watoto walicheka. Watu wazima waliinamisha vichwa kama wanaosali sana, lakini mabega yao yalitikisika.

Baadaye mvua zilikwisha, na jua la mwezi wa Juni pamoja na upepo wa ziwa vikamaliza kazi iliyobaki. Mbao zilijikunja kama mifereji. Misumari iliinua vichwa na kupasua suruali za wageni. Mguu mmoja haukugusa tena sakafu. Kufika Julai benchi langu lilikuwa likikaliwa na kuku tu.

Sasa nalijibu lile swali. Fundi ambaye ningemwagiza ni kaka yangu.

Baba yetu alikuwa katekista, na posho ya katekista haikuweza kulipa masomo ya wana wawili. Kaka alikuwa amemaliza darasa la sita, na alinipita kwa akili. Hilo silisemi kwa unyenyekevu, bali kwa sababu madaftari yake ya hesabu niliyarithi mimi, nikaziona alama zake. Ikawa lazima mmoja aendelee, mwingine atafute kazi. Kaka akasema: « Aende huyu mdogo, anapenda kanisa. » Yeye akaenda msituni kupasua mbao.

Wanafunzi mnaosikia leo mlio wa misumeno ya mashine pengine hamjui kazi ile ilivyo. Gogo hulazwa juu ya miti iliyosimamishwa, mtu mmoja akapanda juu yake, mwenzake akakaa chini, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao tangu asubuhi mpaka jioni. Wa juu huufuata mstari. Wa chini hula unga wa mbao. Kaka alikuwa wa chini kwa miaka miwili. Kila muhula fedha za seminari zilifika, zimefungwa katika karatasi, nazo zilinukia utomvu. Hata sanduku nililobeba siku ya kuingia seminari ndogo alilitengeneza yeye, na ndilo lililo na vitabu vyangu hadi leo.

Nilisoma seminari ndogo miaka 6, nikaingia seminari kubwa, nikaanza filosofia. Katika mwaka wa tatu niliona wazi, mbele ya Mungu na kwa shauri la kiongozi wangu wa roho, kwamba sikuitwa kuwa padri. Kutoka kwangu hakukuwa kosa. Wengi hutoka, na Kanisa lina haja ya akina baba na walimu pia. Kosa langu ni jingine. Nilimwandikia baba, nilimwandikia paroko, nikawaandikia hata wenzangu wa darasa waliokuwa mbali. Kaka sikumwandikia. Niliona haya. Alizisikia habari zile katika atelie yake, kinywani mwa mteja aliyekuja kuagiza mlango.

Tangu siku ile tulionana kwenye vilio na ndoa za jamaa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, kila mmoja akarudi kwake. Miaka 9 hakukanyaga kwangu wala mimi kwake, na mji ni mmoja. Watu walidhani sisi ni ndugu wenye shughuli nyingi.

Katika mwezi wa Agosti mwanawe alikuja kwangu kwa mambo ya shule, akaliona benchi. Alilitazama kwa adabu, hakusema neno. Siku mbili baadaye akarudi na ujumbe: « Baba mdogo, baba anasema ulilete lile benchi kwake. Anasema ulilete giza likiingia. »

Kwanza nilikasirika. Kisha nikafahamu kwamba alitaka nisionekane nalo njiani.

Atelie yake iko Kadutu, chini ya mabati matatu, na taa moja. Tulisalimiana. Akaligeuza benchi miguu juu, akalitazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa, akapitisha kidole juu ya ufa.

« Mti huu ulikatwa lini? »

« Niliununua Aprili. »

« Sikuuliza uliununua lini. »

Basi usiku ule nilifundishwa mambo ambayo shule haikunipa, nami nayaandika hapa kwa ajili ya akina baba wanaotaka kujaribu. Ubao uliopasuliwa juzi umejaa maji, na ule ubaridi niliousifu ulikuwa maji yenyewe. Maji yakitoka, urefu wa ubao haupungui kitu cha kuonekana; upana ndio unaopungua. Wala haupungui sawasawa. Alinionyesha mwisho wa ubao, pale ambapo duara za mti huonekana kama pinde zilizopangwa. Alisema pinde zile hutaka kunyooka, kwa hiyo ubao hujikunja, upande uliokuwa karibu na ganda ukaingia ndani, na upande uliokuwa karibu na moyo wa mti ukatokeza nje. « Ukielekeza moyo juu, maji humwagika. Wewe uliuelekeza chini, ukatengeneza bakuli. » Dawa yake ni subira: mbao zilazwe penye kivuli na upepo, zimenyooka, na vijiti kati ya ubao na ubao, na ncha zipakwe rangi ili zisikauke upesi kuliko katikati zikapasuka. Ziachwe hivyo miezi mingi.

Kuhusu misumari alisema kwamba ncha kali huingia kama kabari na kuzitenga nyuzi za mti. Ukiigonga ncha kidogo mpaka iwe butu, msumari huzivunja nyuzi badala ya kuzitenga, na ubao haupasuki upesi. Ni afadhali zaidi kutoboa tundu kwanza. Tena karibu na ncha usigonge kabisa.

Alipofika kwenye miguu alicheka mara ya kwanza. « Habari za yule mzee nilizisikia. Zilifika Kadutu kabla ya misa ya siku ya Mungu. »

Nikamwuliza kama atanitengenezea jingine, nami nitalipa. Akakataa. « Njoo kila siku ya posho. Utatengeneza mwenyewe, mimi nitatazama. » Nikamwuliza tena mbao kavu nitazipata wapi.

Hakujibu mara moja. Alipanda juu ya meza yake ya kazi, akanyosha mkono darini, akaondoa gunia. Hapo zilikuwapo mbao za libuyu, ule mti mwekundu wa msituni, zimepangwa vizuri na vijiti vyake katikati, ncha zake zimepakwa rangi ya buluu, na vumbi la unene wa kidole juu yake. Kwenye ubao wa kwanza palikuwa na jina langu la ubatizo, limeandikwa kwa kalamu ya risasi.

« Hizi zilikuwa za kiti cha Misa yako ya kwanza, » alisema. « Nilizipanga mwaka ulipoingia seminari kubwa. Nilihesabu miaka, nikaona zitakuwa zimekauka. »

Zilikuwa na miaka 12.

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nimelitayarisha muda mrefu, lenye mwanzo na katikati na mwisho, kama mahubiri. Yeye akasema: « Shika upande ule. » Tukaziteremsha.

Nilikwenda kwake siku tano za posho. Siku ya kwanza nilipiga randa tu, na jioni sikuweza kushika kijiko. Mbele ya vijana wanaofanya kazi kwake, ambao wawili kati yao niliwafundisha Kifaransa, mwalimu wao alisimama na malengelenge viganjani. Hawakucheka. Mmoja alinionyesha jinsi ya kuusimamisha mwili ili uzito wake ndio usukume randa, si mikono.

Hapa nina neno kwa walimu wenzangu. Tangu utoto kazi ya mikono tulipewa kama adhabu. Aliyechelewa alipalilia bustani. Aliyezungumza darasani alichota maji. Tukakua tukiamini rohoni kwamba jembe ni la mkosefu na kalamu ni ya mwenye haki. Mimi mwenyewe nimetoa adhabu ile mara nyingi. Sasa natafuta nyingine, na kukiri kweli, bado sijaipata.

Siku ya pili, tulipokuwa wawili tu, nilisema bila kuinua kichwa: « Kaka, nilipaswa kukuandikia. »

Aliendelea kunoa patasi. « Randa yako inakwenda kinyume cha nyuzi, » alisema. « Sikia inavyolia. Geuza ubao. »

Niligeuza ubao. Randa ikaacha kulia, na uso wa mti ukawa laini kama ngozi. Alinoa patasi yake mpaka mwisho, akaijaribu kwa ukucha, akaiweka mezani.

« Ulipaswa, » alisema.

Hatukusema zaidi siku ile.

Vipimo vya benchi ni hivi, kwa anayetaka. Urefu ni meta 1 na sentimeta 80. Hapo watu wanne huketi vizuri, na Wakristu wa shirika hata sita. Mahali pa kukalia ni mbao tatu, kila moja upana wa sentimeta 12 na unene wa sentimeta 3, zikiachana kwa sentimeta 1, ili maji ya mvua inayopigwa na upepo yapite na mbao zipate nafasi ya kutanuka. Jumla ni upana wa sentimeta 38. Miguu ni minne, sentimeta 7 kwa 7, nayo isimame sentimeta 20 tu toka kila mwisho, ili uzito wa anayeketi ncha uangukie juu ya mguu, si nje yake. Kila jozi ya miguu huunganishwa kwa mti mfupi wa kukingama, na jozi mbili huunganishwa kwa mti mrefu unaopita chini katikati. Chini ya mbao za juu, katikati kabisa, huongezwa mti mwingine wa kukingama, zisije zikalegea kwa miaka.

Mahali miti inapokutana hatukutumia msumari hata mmoja. Mti mmoja hukatwa ulimi, mwingine hutobolewa tundu, na ulimi huingia katika tundu kwa kugongwa kidogo. Ukiingia kwa kusukumwa na kidole, umelegea; ukidai nyundo kubwa, utaupasua mguu. Kisha hutobolewa tundu dogo ubavuni, kikapigwa kijiti cha mti mgumu. Mbao za juu tu ndizo tulizozifunga kwa misumari ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita visi. Ndimi zangu mbili za kwanza zilikuwa fupi, nikazitupa. Ya tatu kaka aliikubali bila kuisifu. Na kabla gundi haijakauka, alinipa kamba nipime toka pembe hii mpaka pembe ile ya kukabili, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kazi imekaa sawa. Havikulingana. Tukasukuma kidogo, tukapima tena.

Siku ya nne benchi lilisimama katika atelie, limepigwa msasa na kupakwa mafuta mara mbili, jekundu kama udongo wa Kabare. Lakini lilikuwa refu kidogo. Miguu tulikuwa tumeikata sentimeta 44, wakati yeye mwenyewe alisema kiti kizuri kiwe na kimo cha sentimeta 45, na mbao za juu tayari zina 3. Nikahesabu, nikamwambia zimezidi 2, nikachukua msumeno.

Akauzuia mkono wangu. « Haikatwi hapa. »

« Kwa nini? »

« Sakafu ya atelie si sakafu ya baraza yako. Saruji ya kwako imeinama, ndiyo sababu lile la kwanza lilicheza hata kabla halijakauka. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi mahali popote. Chenye minne hufuata mahali kilipowekwa. Miguu hukatwa pale benchi litakapokaa. »

Niliitikia kama mwanafunzi. Maana ya maneno yale niliifahamu nikiwa njiani kurudi.

Siku ya tano, mwisho wa Septemba, tulilibeba. Safari hii tulipita mchana. Mwanawe alishika mbele, mimi nyuma, na kaka alitutangulia na msumeno umefungwa ndani ya gunia. Mbele ya ngazi za kwangu alisimama. Akayatazama maua ndani ya mikebe. Mama watoto alitoka, akasema: « Karibu, shemeji, » kana kwamba alikuwa amekuja juzi. Akajibu: « Asante, shemeji, » lakini hakuingia; alipiga magoti pale pale barazani, akaanza kazi.

Tuliweka benchi mahali pake ukutani. Likacheza. Akakata vipande vyembamba vya mti, akaviingiza chini ya miguu kimoja kimoja, mpaka likatulia. Akalaza juu yake chupa ya maji isiyojaa, akatazama kipovu cha hewa kilipokwenda, akaongeza kipande kimoja upande wa kuelekea ziwa. Kipovu kikarudi katikati. Ndipo akachukua kibao kidogo cha unene wa sentimeta 2, akaweka kalamu juu yake, akakizungusha sakafuni kuuzunguka kila mguu. Kalamu ikaandika mstari kwenye miguu yote minne, na kila mstari ulifuata mabonde na vilima vya saruji yangu. Akanipa msumeno. Nilikata polepole sana. Mguu wa tatu niliupotosha kidogo, akaliona hilo, akachukua patasi, akausahihisha bila kusema.

Tukaliweka chini. Nilisukuma kwa mkono, nikasukuma kwa goti. Halikucheza.

Kaka alijipangusa unga wa mbao, akaketi mwisho wa upande wa kuume, pale pale alipokuwa ameketi mzee wa shirika.

« Keti kule. »

Niliketi mwisho wa upande mwingine. Chini yetu yalionekana mabati ya mtaa, na nyuma yake ziwa. Alilitazama kitambo.

« Sasa simama. »

Nikasimama. Benchi halikutikisika. Yeye aliendelea kukaa, viganja vyake juu ya ule ubao uliokuwa na jina langu, ambalo randa ilikuwa imeliondoa. Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akamwita mama watoto, akamwomba maji ya kunywa.